Kifafa kilichorudi siku ya tisa: fenobabitoni iliyoachwa ghafla, Tanga

Kisa hiki ni cha Tanga mjini. Umri, kazi na mtaa wa mgonjwa vimebadilishwa asitambulike, na vituo viwili vilivyomhudumia havitajwi. Mfuatano wa matukio, dozi na maamuzi umeachwa kama ulivyo kwenye faili. Mimi ndiye mfamasia niliyeandaa dawa usiku ule na baadaye nikakaa kwenye kikao cha kukijadili. Ninawaandikia hasa matabibu na wauguzi wa vituo vya afya, pamoja na wauzaji wa maduka ya dawa muhimu, maana wao humwona mgonjwa wa namna hii kabla yetu.

Hoja yangu ni moja. Kilichomwangusha mgonjwa, ambaye nitamwita M., na kilichofanya sindano ya kwanza isimtulize vilitokea mahali pamoja ndani ya ubongo, kwenye vipokezi vya kemikali ya kutuliza iitwayo GABA. Mara ya kwanza mambo yaliharibika kwa siku kadhaa, mara ya pili kwa dakika.

Mgonjwa na dawa yake

M. ni mwanamke wa miaka ishirini na kitu, fundi cherehani, uzito kilo 52. Alianza kuanguka akiwa darasa la tano. Kama ilivyo kwa familia nyingi za pwani, safari ilianzia kwenye kusomewa, kombe la zafarani, na mganga mmoja wa upande wa Muheza aliyesema ni jini la baharini. Hospitali ilikuja baadaye. Sioni haja ya kulikejeli hilo: shekhe aliyemsomea ndiye aliyemwambia mama yake, baada ya kuona hali haibadiliki, kwamba ampeleke kwa daktari.

Tangu akiwa na miaka 17 alikuwa kwenye fenobabitoni, vidonge vitatu vya miligramu 30 kila usiku. Ilimkubali. Alilalamika usingizi wa asubuhi na uzito wa kichwa, lakini kwa zaidi ya miaka miwili hakuanguka hata mara moja. Dawa yenyewe ni kongwe. Daktari Mjerumani Alfred Hauptmann aliwapa wagonjwa wake wa kifafa mwaka 1912 ili walale, akagundua kwamba wanaanguka mara chache zaidi. Tanga wakati huo ilikuwa bado chini ya Wajerumani. Zaidi ya miaka mia moja imepita na kidonge hicho kingali tegemeo la wagonjwa wengi wa kifafa katika nchi kama yetu, kwa sababu ni rahisi kwa bei na hunywewa mara moja kwa siku.

M. alikuwa akichukua dawa kwenye kliniki ya afya ya akili, kama wagonjwa wengi wa kifafa nchini. Hilo si jambo dogo. Ukionekana kwenye benchi lile asubuhi, mtaa mzima una habari kabla ya adhuhuri.

Ikaja posa. Mchumba ni kijana wa watu, na harusi ilipangwa baada ya Idi. Vidonge vilikuwa vikihifadhiwa jikoni kwenye kopo tupu la majani ya chai, na tangu posa ipokelewe wifi mtarajiwa hakuishi kuingia na kutoka jikoni humo. Shangazi mtu akatoa wazo ambalo wote walikuwa nalo moyoni: mtoto hajaanguka miaka miwili, dawa ya nini tena? Mwezi wa Ramadhani ulipoandama, kopo likaondolewa. Hakuna aliyeuliza kliniki. Saumu yenyewe haikuwa sababu, kwa kuwa kidonge cha usiku hakigombani na mfungo. Ila Ramadhani ilileta jambo jingine. Ndio msimu wa nguo za Idi, na fundi cherehani halali. M. alikuwa anashona kuanzia baada ya tarawehe hadi daku, kisha anajiegesha kwa saa mbili tatu asubuhi. Kukosa usingizi peke yake kunatosha kumwangusha mtu mwenye kifafa.

Usiku wenyewe

Saa nane na nusu usiku, siku ya tisa ya mfungo, mdogo wake aliona mkono wa kulia wa M. ukiruka mara mbili tatu, mkasi ukamponyoka. Kisha akaanguka, akakakamaa, akatukutika mwili mzima. Ilikatika baada ya dakika mbili hivi. Nyumba nzima ilikuwa macho ikitayarisha daku, kwa hiyo saa tunaijua vizuri, jambo ambalo si la kawaida. Ubani ukachomwa, Yasini ikaanza kusomwa, jirani akalazimisha kijiko kati ya meno. Jino moja la mbele likavunjika na kipande hakikuonekana. Robo saa haijatimia, na fahamu hazijarudi, akashikwa tena. Safari hii haikukatika.

Degedege la mwili mzima likipita dakika tano tunalihesabu kuwa lisilokatika na tunaanza dawa, hatungoji. Nyumbani hakuna anayelijua hilo. Waliyojua wote ni kwamba aliyeanguka husubiriwa azinduke, kwa kuwa siku zote M. alizinduka.

Usafiri uliopatikana ni bajaji ya kaka wa mchumba. Saa tisa na dakika 20 walifika kituo cha afya. Kanula ilijaribiwa mara mbili ikashindikana, kwani kumpata mshipa mtu anayetukutika si kazi ya mchezo, na tabibu akamchoma diazepamu, dawa ya kukata degedege, miligramu 5 kwenye msuli wa paja. Kisha rufaa. Barua ilisema: "Degedege, apate huduma zaidi." Haikutaja lilianza saa ngapi, wala kilichochomwa ni nini na kiasi gani. Tulijua habari za sindano kwa sababu mama aliona.

Hospitali walifika saa kumi na robo. Kwa hesabu, M. alikuwa ametukutika mfululizo kwa saa moja na nusu. Mitukutiko ilikuwa imepungua ukubwa, imebaki zaidi usoni na kwenye vidole, na mtu asiyezoea angedhani anapata nafuu. Sivyo. Misuli huchoka kabla ubongo haujatulia.

Alilazwa ubavu, mate na damu vikanyonywa, oksijeni ikawekwa. Kipimo cha kidoleni kikapanda kutoka asilimia 84 hadi 93. Sukari ya damu 5.6. Kipimo cha haraka cha malaria hasi. Joto 38.2, shinikizo la damu 148 kwa 92. Kipimo cha mimba kilifanywa haraka na kikatoka hasi, na hilo halikuwa udaku wa mtu: mwanamke wa umri huo mwenye degedege na shinikizo la juu huenda ana kifafa cha mimba, na tiba yake ni magnesiamu salfeti, njia nyingine kabisa.

Mshipa ukapatikana. Diazepamu miligramu 10 ikaingia taratibu kwa dakika tatu. Mitukutiko ikafifia, tukadhani tumeshinda. Dakika sita baadaye ikarudi kama ilivyokuwa. Miligramu 10 nyingine, na safari hii hata hiyo ahueni fupi haikuonekana.

Verandani

Daktari alikuwa amekwishauliza mbele ya wote kama kuna dawa yoyote mgonjwa anatumia. Mama alijibu, "Hana dawa, baba. Huyu mzima, imemshika leo tu." Yule kaka wa mchumba alikuwa amesimama hapo hapo, ufunguo wa bajaji mkononi.

Muuguzi wa zamu, mama mtu mzima, alimwambia kijana akaisogeze bajaji, inaziba njia ya gari la wagonjwa. Bajaji haikuwa imeziba kitu. Kijana alipotoka, muuguzi akamvuta mama verandani.

"Dada yangu, niwie radhi kukuuliza. Huyu binti si mara yake ya kwanza, eti?"

"Nisitiri, dada."

"Nitakusitiri. Alikuwa anameza nini?"

"Vile vyeupe vidogo, vitatu usiku. Tumeviacha tangu mwezi kuandama."

Mazungumzo hayo hayakufika dakika mbili, na ndiyo yaliyobadilisha tiba. Kati ya yote yaliyofanyika usiku ule, mimi nayaweka ya kwanza kwa uzito.

Uamuzi: dawa gani baada ya diazepamu

Kabla muuguzi hajarudi, daktari alikuwa ameagiza fenitoini, dawa nyingine ya degedege. Si agizo baya. Stoo ilikuwa na fenitoini na fenobabitoni za sindano. Valproeti na levetirasetamu za sindano hatukuwa nazo. Utafiti mkubwa wa mwaka 2019 uliolinganisha levetirasetamu, fosfenitoini (ndugu ya fenitoini) na valproeti kwa wagonjwa ambao diazepamu au ndugu zake zimeshindwa ulikuta zote tatu zinafaulu kwa karibu nusu ya wagonjwa, hakuna iliyoizidi nyingine. Fenobabitoni haikuwemo kwenye mashindano hayo.

Habari ya verandani ilipofika, mjadala ulikuwa mfupi lakini mkali. Upande mmoja: mgonjwa ana diazepamu miligramu 25 mwilini, ukimwongezea fenobabitoni pumzi itakata, na mashine ya kupumulia haipo. Upande wa pili: anachokosa ni fenobabitoni, ubongo wake umeizoea kwa miaka na sasa umenyang'anywa. Fenitoini hufanya kazi kwenye milango ya sodiamu, haigusi GABA, kwa hiyo haiwezi kuziba pengo lile. Daktari aliamua fenobabitoni, kwa masharti mawili: dozi iwe ya chini kabisa ndani ya kiwango kinachokubalika, na mtu mmoja asimame kichwani na mfuko wa kupumulishia mkononi kabla sindano haijaanza, asiondoke kwa lolote.

Nilitayarisha miligramu 15 kwa kilo, yaani 780, kutoka ampuli za miligramu 200, nikaizimua kwa maji ya sindano mara kumi. Ikaingia kwa kasi ya takriban miligramu 50 kwa dakika, nusu ya kasi ya juu inayoruhusiwa kwa mtu mzima. Dakika ya 11 mitukutiko ya uso ilikoma. Mmoja wetu akasema tuache hapo hapo. Daktari akakataa: tukiacha nusu njia, kiwango cha dawa hakitatosha kumlinda asubuhi, diazepamu itakapokuwa imetoka kwenye ubongo. Dozi ikakamilishwa.

Walichokihofia kikatokea. Pumzi zilishuka hadi nane kwa dakika, oksijeni ikateremka hadi asilimia 86. Aliyekuwa kichwani akaanza kumpumulisha kwa mfuko, na waliendelea kupokezana kwa muda wa dakika 40 hadi akaweza kupumua vizuri mwenyewe. Katikati ya heka heka hiyo mtu akauliza kuhusu flumazenili, dawa inayoondoa nguvu za diazepamu. Jibu lilikuwa hapana, na nitaeleza sababu hapo chini.

Matokeo

M. alianza kuitika jina lake alasiri ya siku iliyofuata. Alikuwa na homa na mkoromo upande wa kulia wa kifua, alitibiwa nimonia. Picha ya kifua haikuonyesha kipande cha jino. Mkojo ulikuwa wa rangi ya chai kwa siku mbili kutokana na misuli iliyoumia, dripu zikaongezwa, figo zikawa salama. Aliruhusiwa siku ya sita akiwa kwenye dozi yake ile ile ya miligramu 90 usiku. Kumbukumbu ya juma zima kabla ya tukio hana.

Uchambuzi

*Siku tisa zina maana gani*

Seli za ubongo huzungumza kwa kuchochea na kwa kutuliza. GABA ndiyo kemikali kuu ya kutuliza. Ikifika kwenye kipokezi chake, mlango hufunguka katikati ya kipokezi, ioni za kloridi huingia ndani ya seli, na seli hiyo inakuwa ngumu kuchochewa. Kipokezi chenyewe kimejengwa kwa vipande vitano vya protini vilivyopangwa duara; mara nyingi ni alfa viwili, beta viwili na gama kimoja. Mpangilio huo uwekeni akilini, tutaurudia.

Fenobabitoni hukaa kwenye kipokezi na kufanya mlango ukishafunguka ukawie kufunga. Kila tone la GABA linafanya kazi kubwa zaidi. Ubongo unaoogeshwa kwenye dawa hiyo usiku baada ya usiku haukai bure. Unajirekebisha: majaribio ya wanyama yameonyesha kwamba dawa za jamii hii zikitumiwa muda mrefu, vipokezi hubadilika muundo na mwitikio, na upande wa uchochezi hupata nguvu. Mgonjwa anaonekana sawa kwa sababu dawa na mabadiliko hayo vimewekeana mizani. Ukiiondoa dawa ghafla, upande mmoja wa mizani umebaki peke yake.

Mbona basi hakuanguka usiku wa kwanza? Fenobabitoni hutoka mwilini polepole mno. Nusu yake huchukua kama siku nne kwa mtu mzima, wengine tatu, wengine tano. Kwa hesabu hiyo, siku ya nne M. alikuwa na nusu ya dawa, siku ya nane robo, na usiku wa tisa kama sehemu moja ya tano. Juma la kwanza alijisikia mwepesi, mchangamfu kuliko kawaida, na mama akaona ushahidi kwamba binti amepona. Hapo ndipo fenobabitoni inapowadanganya watu. Muuza duka anayeambiwa "nimeacha wiki nzima na sijaanguka" asimpongeze mtu, bado saa yake haijafika.

Na je, familia ilikosea kufikiria kuacha? Hapana, na hapa kikao chetu kiligawanyika. Miaka miwili bila kuanguka ndiyo wakati hasa wa kuzungumza na mgonjwa kuhusu kupunguza. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1991 uliwafuata wagonjwa 1,013 waliokuwa wametulia kwa miaka miwili: kati ya walioendelea na dawa, asilimia 78 hawakuanguka katika miaka miwili iliyofuata, kati ya waliopunguzwa polepole, asilimia 59. Maana yake, zaidi ya nusu ya waliopunguza walifaulu, na wapo walioanguka ingawa dawa hawakuacha. Hayo ni mazungumzo ya haki kwa mtu anayekaribia kuolewa. Kliniki ilikuwa imemwandikia dawa ile ile kwa miaka bila kumfungulia mazungumzo hayo hata mara moja, kwa hiyo yakafanyika jikoni, na shangazi ndiye akawa mshauri. Kosa ni namna ya kuacha. Fenobabitoni hupunguzwa kwa miezi, kipande kwa kipande, na daima nje ya msimu wa kukesha.

*Diazepamu ilifika imechelewa*

Diazepamu nayo hufanya kazi kwenye kipokezi kile kile, lakini kwa namna yake. Hukaa kwenye maungio kati ya kipande cha alfa na cha gama, na hufanya mlango ufunguke mara nyingi zaidi GABA inapofika. Bila GABA haina la kufanya, na bila kipande cha gama haina pa kukaa.

Degedege linapoendelea, seli huvivuta ndani vipokezi vilivyo kwenye makutano ya neva, hasa vile vyenye gama. Vipo, ila viko tumboni mwa seli, dawa haivifikii. Kwa panya waliotukutishwa kwa saa moja, utafiti wa mwaka 2005 ulikuta idadi ya vipokezi vinavyofanya kazi kwenye kila makutano imeshuka kwa karibu nusu. Wakati huo huo, vipokezi vya glutamati, kemikali ya uchochezi, huongezeka pale pale. Miaka minane kabla ya hapo, mwaka 1997, watafiti wengine walikuwa wamepima jambo hili kwa dozi: panya aliyetukutika dakika 10 alitulizwa na diazepamu ya takriban miligramu 4 kwa kilo; akifika dakika 45 ilihitajika kama miligramu 40. Mara kumi, kwa tofauti ya dakika 35. Kuna jambo la tatu pia, la kloridi yenyewe kujazana ndani ya seli hadi GABA ipoteze ukali wake, ambalo ni muhimu zaidi kwa watoto wachanga.

Sasa rudini kwenye saa za M. Sindano ya kwanza aliipata baada ya dakika 35 za degedege lisilokatika, ikiwa nusu ya dozi, na kwenye msuli, ambako diazepamu hunyonywa polepole na bila mpangilio. Sindano ya mshipa ilikuja saa moja baadaye. Ile ahueni ya dakika sita inaeleweka: hata ikifanya kazi, diazepamu huingia kwenye ubongo haraka na kuhama haraka kwenda kwenye mafuta ya mwili. Tulikuwa tunasukuma dawa inayotegemea kipande cha gama wakati vipokezi vyenye gama vinazidi kupungua.

Fenobabitoni haihitaji gama. Hufanya kazi pia kwenye vipokezi vilivyo nje ya makutano, vyenye kipande cha delta mahali pa gama, ambavyo havivutwi ndani kwa namna ile. Na ikiwa nyingi, hufungua mlango hata GABA isipokuwepo. Kwa hiyo uamuzi wa daktari ulikuwa na sababu mbili zinazojitegemea: kurudisha kilichoondolewa, na kupita mlango ambao diazepamu isingeweza kuupita. Angechagua fenitoini huenda degedege lingekatika pia, siwezi kuapa, lakini pengo la fenobabitoni lingebaki wazi na angeanguka tena siku za mbele.

*Pumzi*

Uwezo huo wa kufungua mlango bila GABA ndio unaofanya fenobabitoni iwe ya hatari. Diazepamu peke yake ina kikomo, kwa kuwa inategemea GABA iliyopo. Babituriti, jamii ya dawa ambamo fenobabitoni imo, hazina kikomo hicho, na seli zinazoendesha pumzi kwenye shina la ubongo zina vipokezi hivyo hivyo. Ukizichanganya mbili, huzijumlishi tu. Kila moja humwongezea mwenzake nguvu.

Ndiyo maana flumazenili haikuwa jibu. Inagombea kiti cha diazepamu, kwenye maungio ya alfa na gama. Fenobabitoni haikai hapo, kwa hiyo pumzi iliyozuiwa nayo isingerudi. Tungekuwa tumemnyima kinga ya diazepamu mgonjwa aliyetoka degedege sasa hivi, na dawa hiyo yenyewe inaweza kuamsha degedege. Mfuko wa kupumulishia na mikono ya watu wawili vilitosha.

*Kilichosaidia na kilichoharibu*

Kumpa mtu kazi ya pumzi kabla ya sindano kulimwokoa M. zaidi ya hesabu zangu za dozi. Kipimo cha mimba na cha sukari kufanywa mapema kuliziba njia mbili za kupotea. Kukamilisha dozi badala ya kuacha mitukutiko ilipokoma kulizua hatari, lakini ninaamini kulikuwa sahihi: miligramu 15 kwa kilo huupandisha kiwango cha damu kwa takriban miligramu 25 kwa lita, ambacho ni kiwango cha tiba, nusu yake kisingekuwa.

Diazepamu ya pili ya mshipa ndiyo inayonisumbua. Mwongozo unairuhusu, na wakati ule hakuna kati yetu aliyejua habari za kopo la chai. Lakini kwa mgonjwa aliyekwisha tukutika zaidi ya saa moja na ambaye dozi kamili ya kwanza imemtuliza dakika sita tu, matumaini ya dozi ya pili ni madogo, na gharama yake tuliilipa kwenye pumzi. Baadhi ya wenzangu hawakubaliani na mimi, wanasema mwongozo ni mwongozo. Tulichokubaliana ni kwamba dawa ya hatua inayofuata ianze kuchanganywa wakati diazepamu ya kwanza inaingia, isingoje kuona kama imeshindwa.

Kwenye kituo cha afya, tatizo halikuwa uzembe. Tabibu alikuwa peke yake usiku, mshipa haukupatikana, akafanya alichokijua. Pale mshipa usipopatikana, ampuli ile ile ya diazepamu, miligramu 10 kwa mtu mzima, huingizwa njia ya haja kubwa kwa bomba lisilo na sindano na hunyonywa vizuri zaidi kuliko kwenye msuli. Midazolamu, ndugu ya diazepamu, ikiwepo, ndiyo inayofaa msuli. Na barua ya rufaa iseme mambo matatu hata kama muda ni mfinyu: degedege lilianza saa ngapi, amepewa nini na kiasi gani, na kama ana dawa za siku zote.

Baada ya M. kutoka, kliniki ilianza naye mpango wa kubadili dawa. Fenobabitoni huharakisha ini kuvunja homoni za vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango, kwa hiyo bibi harusi anayetaka kupanga lazima ajue hilo. Valproeti haikuzungumzwa hata kidogo, kwa sababu ya madhara yake kwa mtoto tumboni. Alichagua levetirasetamu, ambayo familia itaigharimia yenyewe. Dawa mpya imeingizwa kwanza hadi dozi kamili, ndipo fenobabitoni ikaanza kushushwa kwa nusu kidonge kila mwezi. Hatua sita za namna hiyo, kama hakuna kitakachotibuka njiani. Mchumba ameambiwa na M. mwenyewe, kliniki, muuguzi yule yule akiwepo. Alichouliza ni kama ugonjwa huu unaambukiza kwa povu, akajibiwa hapana, na tarehe ya harusi ikasogezwa mbele hadi kidonge cha mwisho cha fenobabitoni kiishe.